Namna ya Kupima Kurejea kwa Wachavushaji katika Ngitili: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Mazingira

Mwanafunzi wa mazingira anayetaka kujifunza urejeshaji wa uoto wa asili hapa Tanzania halazimiki kuanza na ardhi tupu na viriba vya miche. Katika mikoa ya Shinyanga na Simiyu yapo maeneo ambayo wenyeji wameyafunga yapumzike kwa miaka mitano, kumi na mitano, hata zaidi ya thelathini, nayo yamerudi kuwa vichaka na mapori yenye kivuli. Hizo ndizo ngitili. Mwongozo huu unaeleza jinsi kikundi kidogo cha wanachuo, chenye madaftari, nyavu za kunasia wadudu na futi kamba, kinavyoweza kupima kama wachavushaji, yaani nyuki na viumbe wengine wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, wamerudi pamoja na miti hiyo, na kama kazi yao inafika kwenye mashamba yaliyo jirani.

Nasisitiza kupima wachavushaji kwa sababu taarifa nyingi za urejeshaji huishia kwenye idadi ya miti. Mti kusimama ni jambo moja, na mti kulisha nyuki ni jambo lingine. Katika machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, upandaji ulioanza mwaka 1971 ulitegemea sana mivinje, na mivinje hiyo, kwa msaada wa majongoo waliosaga majani yake yaliyoanguka, ilitengeneza udongo mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ilikuwa hatua ya kwanza iliyo sahihi kabisa. Hata hivyo maua ya mvinje huchavushwa kwa upepo, kwa hiyo anayehesabu mivinje peke yake hajui lolote kuhusu nyuki wa mahali hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa misindano na kwa nyasi karibu zote.

Ngitili ni nini, na kwa nini inamfaa mtafiti mwanafunzi

Kwa desturi ya Wasukuma, mfugaji hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua kiangazi kinapokuwa kikali, ili ndama na mifugo dhaifu isiyoweza kwenda mbali ipate majani. Utaratibu huo ulivurugika katika karne iliyopita kwa sababu kadhaa zilizofuatana: mapori yalifyekwa kuanzia miaka ya 1920 ili kuangamiza mbung'o, kilimo cha pamba kikapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 uhamishaji wa watu kwenda kwenye vijiji vipya ukazitenganisha familia nyingi na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, na badala ya kuleta mfumo mgeni mradi huo ulijenga juu ya ngitili yenyewe. Ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kufikia zaidi ya hekta 300,000. Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulijumuisha pia wilaya ambazo leo ziko Simiyu.

Faida kubwa kwa mwanafunzi ni umri. Utafiti wa shahada ya kwanza hupewa miezi michache, ilhali kichaka huhitaji miaka mingi kukomaa. Ukipata ngitili iliyofungwa miaka mitano iliyopita, nyingine ya miaka kumi na mitano na nyingine ya miaka thelathini, zote zikiwa kwenye udongo unaofanana, utaweza kusoma hatua za urejeshaji ndani ya msimu mmoja bila kusubiri. Njia hii ina udhaifu ambao lazima uandikwe kwenye taarifa: huenda ngitili ya zamani iliachwa mapema kwa sababu ilikuwa na udongo bora, au kwa sababu mwenye nayo hakuwa na mifugo mingi. Ndiyo maana historia ya kila eneo inapaswa kuandikwa kwa makini sawa na idadi ya wadudu.

Ruhusa, na watu wa kuwasikiliza kwanza

Barua ya utambulisho ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Msiende porini kabla mtendaji na mwenyekiti wa kijiji hawajaipokea. Zaidi ya ofisi hizo, ngitili nyingi ni mali ya familia, na zile za jumuiya zina kamati na kanuni zake, baadhi zikiwa zimepitishwa katika dagashida, yaani mkutano wa kijadi wa Wasukuma wenye uwezo wa kumtoza faini anayeingiza mifugo wakati wa kufungwa. Mwanafunzi anayekata tawi bila kuomba anavunja sheria ya wenyeji, hata kama ana barua yenye mihuri mitatu.

Mazungumzo ya kwanza na mwenye ngitili yachukue asubuhi nzima ikibidi. Muulize mzee huyo eneo lilifungwa mwaka gani, lilikuwa shamba la zao gani kabla ya hapo, moto ulipita lini mara ya mwisho, nani huweka mizinga na mingapi, miti gani huchanua mwezi gani, na nyuki wadogo wasiouma wanajenga wapi. Akina mama wanaookota kuni na vijana wanaochunga hujua mengi kuhusu mashimo ya nyuki kuliko ramani yoyote, nao waulizwe pia, tena kwa lugha wanayoizungumza kwa raha. Kikundi kisicho na msemaji wa Kisukuma kitafute mwenzao wa kijijini na kimlipe kwa muda wake.

Kuchagua maeneo

Kosa linaloharibu tafiti nyingi za wanafunzi hutokea hapa. Kikundi huchagua ngitili moja nzuri, huweka ndani yake ploti kumi, huweka ploti nyingine kumi kwenye malisho ya wazi, kisha huandika kwamba kina sampuli ishirini. Kwa kweli kina maeneo mawili tu. Ploti kumi ndani ya ngitili moja zinakueleza vizuri kuhusu ngitili hiyo, lakini hazikuelezi lolote kuhusu ngitili kwa jumla, kwa sababu tofauti unayoiona inaweza kutokana na mzinga mmoja uliofichwa kwenye mti au bwawa lililo karibu. Ni bora kuwa na ngitili sita zenye ploti mbilimbili kuliko ngitili moja yenye ploti kumi na mbili.

Kila ngitili ipewe jozi yake, yaani kipande cha malisho ya wazi kilicho kwenye udongo na mwinuko unaofanana. Jozi moja iwe mbali na nyingine kwa kilomita mbili hivi ikiwezekana. Nyuki wadogo huruka umbali wa mita mia chache tu kutafuta chakula, kwa hiyo umbali huo unatosha kuwatenganisha, ila nyuki wa asali huweza kwenda kilomita kadhaa na hakuna umbali wa kawaida utakaomzuia. Kwa sababu hiyo mizinga yote iliyo karibu, ya magogo na ya kisasa, iandikwe na mahali pake pachukuliwe kwa kifaa cha GPS. Usipofanya hivyo unaweza kuisifu ngitili kwa wingi wa nyuki ambao mwenyewe umewahesabu wakitoka kwenye mizinga ya jirani.

Kupima makazi kabla ya kuhesabu wadudu

Katika kila ploti, ambayo inaweza kuwa ya mita 20 kwa 20, pima vitu vinne: miti na vichaka kwa aina na kwa unene wa shina, sehemu ya ardhi iliyofunikwa na nyasi, sehemu iliyo wazi, na miti mikavu iliyosimama au kulala. Wanafunzi wengi huandika mambo mawili ya kwanza na kuyasahau mawili ya mwisho, nayo ndiyo yanayomhusu nyuki zaidi. Kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani, takriban asilimia 70 huchimba viota ardhini. Nyuki hao wanahitaji udongo mgumu kiasi, ulio wazi na unaopata jua. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mapaa ya nyumba, wanahitaji mbao kavu. Baadhi ya nyuki wasiouma hukaa ndani ya mashina yenye uwazi, na wengine hujenga ndani ya vichuguu. Kwa macho ya mtu aliyefundishwa kupenda kijani, kipande cha ardhi tupu chenye gogo lililooza na kichuguu kinaonekana kuwa ni uharibifu, lakini kwa nyuki wengi hapo ndipo nyumbani.

Baada ya hapo tengeneza kalenda ya maua. Pita katika ploti zote mara moja kila wiki mbili na uandike kila aina ya mmea iliyochanua, ukikadiria idadi ya maua yaliyo wazi. Sehemu hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi mwanzoni mwa Mei, na kalenda itakuonyesha jambo ambalo halionekani kwa ziara moja: miezi yenye njaa. Baadhi ya miti huchanua katikati ya kiangazi, kabla tone la kwanza halijaanguka, na mti mmoja wa aina hiyo unaweza kuwa ndio unaowavusha nyuki hadi mvua zifike. Ninaamini kwamba kalenda hii, hata kama hakuna kingine kitakachofanyika, inatosha kuwa mchango wa maana kwa kijiji na kwa chuo.

Kuhesabu wanaotembelea maua

Anza na matembezi. Pima mstari wa mita 100, uweke vigingi kila baada ya mita 10, na utembee polepole kwa dakika 15 ukiangalia upana wa mita moja kila upande. Andika kila mdudu au ndege anayegusa sehemu za uzazi za ua, pamoja na jina la mmea. Anayepita angani, au aliyekaa juu ya jani, haandikwi. Ukisimama kumnasa mdudu, simamisha saa pia, ili dakika 15 zibaki kuwa za kuangalia.

Mwanzoni msijaribu kutaja spishi. Tumieni makundi ambayo kila mmoja ataweza kuyatambua kwa macho: nyuki wa asali, nyuki wasiouma, nyuki wakubwa wanaotoboa mbao, nyuki wapweke wengine (wasioishi kwa makundi), nyigu, nzi wa maua, nzi wengine, vipepeo, nondo, mbawakawa na chozi, yaani ndege wadogo wanaofyonza nekta. Fanyeni mazoezi ya siku kadhaa, watu wawili wakitembea mstari mmoja na kulinganisha madaftari, mpaka hesabu zao zikaribiane. Vikwazo viwili hujirudia. Cha kwanza ni nzi wa maua, ambaye amevaa mistari ya njano na nyeusi kama nyuki. Mtazame mabawa, kwa maana nzi ana jozi moja na nyuki ana jozi mbili, na upapasio wa nzi huyo ni mfupi sana ilhali wa nyuki ni mrefu na umepinda kama kiwiko. Cha pili ni nyuki wasiouma, ambao kwa udogo wao hudhaniwa kuwa ni visubi. Mara nyingi utawatambua kwa vibonge vya chavua kwenye miguu ya nyuma.

Saa ya kuhesabu ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Huko Mkomazi, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, watafiti walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba aina mbalimbali za migunga zinazochanua pamoja hutoa chavua kwa saa tofauti za siku, hivi kwamba wachavushaji wale wale huhama kutoka aina moja hadi nyingine kadiri jua linavyopanda. Matokeo hayo yanapendeza yenyewe, kwa kuwa yanaeleza jinsi miti ya jamaa moja inavyoweza kushirikiana wadudu bila kuchanganya chavua. Kwa mtafiti mwanafunzi yana agizo la moja kwa moja: anayehesabu saa 4:00 asubuhi kwenye ngitili na saa 9:00 alasiri kwenye malisho halinganishi maeneo, analinganisha saa. Kwa hiyo kila mstari utembelewe angalau mara tatu kwa siku, kwa mfano saa 1:30 asubuhi, saa 4:00 asubuhi na saa 10:00 jioni, na mpangilio wa maeneo ubadilishwe kila siku ili kila moja lipate zamu ya kwanza. Usihesabu wakati wa mvua au upepo unaotikisa matawi. Andika joto, mawingu na upepo kwenye kichwa cha kila ukurasa.

Usiku nao una watu wake. Maua ya mbuyu hufunguka jioni na huchavushwa hasa na popo wanaokula matunda, na maua meupe yenye harufu kali wakati wa magharibi mara nyingi ni ya nondo. Kama kuna mbuyu unaochanua ndani ya eneo lenu, kaeni chini yake, wawili au watatu pamoja na mwenyeji, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 3:00 usiku, mkitumia tochi yenye mwanga mwekundu.

Katika kila matembezi hesabu pia maua yaliyo wazi ndani ya mstari huo. Ngitili yenye nyuki 60 na maua 3,000 haijaishinda malisho yenye nyuki 20 na maua 200 kwa namna ambayo tarakimu za mwanzo zingekufanya ufikiri, na bila idadi ya maua huwezi kutofautisha wingi wa nyuki na mkusanyiko wao.

Mitego ya bakuli, yaani bakuli ndogo za plastiki zilizopakwa rangi ya njano, bluu na nyeupe na kutiwa maji yenye matone ya sabuni, huvutia wanafunzi kwa sababu hufanya kazi zenyewe. Ninashauri zitumike kama nyongeza tu. Huua kila kinachotua, huwanasa nyuki wadogo zaidi kuliko wakubwa, hunasa vibaya pale ambapo maua halisi ni mengi, na hazikuambii mdudu alikuwa akitembelea mmea gani. Mkizitumia, ziwekeni kwenye urefu wa maua, mita tano kati ya bakuli moja na nyingine, mzitege asubuhi na kuzikusanya jioni ile ile, kwa sababu maji hukauka upesi. Kwenye malisho ya wazi awepo mlinzi: mbuzi atakunywa maji hayo.

Jaribio la mifuko

Kuona nyuki juu ya ua hakuthibitishi kwamba amelichavusha. Jaribio linalothibitisha ni rahisi na halina gharama kubwa, nami naliona kuwa ndilo kiini cha mradi wote, kwa sababu linaiunganisha ngitili na chakula cha mkulima.

Mmea unaofaa kuanzia ni mboga, yaani mmea unaozaa maboga. Una maua dume na maua jike yaliyo mbalimbali kwenye mmea mmoja. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini ya petali. Chavua yake ni nzito na inanata, haipeperushwi na upepo, hivyo bila mdudu hakuna boga. Ua hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Chagua mashamba yaliyo kwenye umbali tofauti kutoka ukingo wa ngitili, kwa mfano mita 50, mita 500 na kilomita moja, yakiwa na mbegu na matunzo yanayofanana.

Jioni, tafuta maua jike yatakayofunguka kesho yake. Ncha ya petali huwa imeanza kugeuka njano. Yagawe katika makundi matatu kwa kura, wala si kwa kuchagua yaliyo mazuri. Kundi la kwanza liachwe wazi. Kundi la pili livikwe mfuko wa kitambaa chepesi cha neti, kama kile cha shela, wenye matundu ambayo hata nyuki mdogo kabisa hapenyi, na ufungwe kwa uzi bila kukibana kikonyo cha ua. Kundi la tatu livikwe vivyo hivyo, lakini alfajiri lifunguliwe, lipakwe chavua kwa mkono, na kufunikwa tena. Kupaka chavua ni kuchuma ua dume lililofunguka kwenye mmea mwingine, ambalo nalo lilifunikwa usiku ili chavua isiibwe, kuondoa petali zake, na kulisugua taratibu juu ya unyanya wa ua jike, yaani sehemu ya katikati inayopokea chavua. Funga uzi wa rangi tofauti kwa kila kundi. Maua kumi kwa kila kundi katika kila shamba yanatosha, yakiwa yamesambaa kwenye mimea mingi.

Ua likishafunga, ondoa mifuko yote ili kivuli chake kisiathiri ukuaji. Ndani ya wiki moja hivi kiboga ambacho hakikuchavushwa hugeuka njano na kudondoka. Hesabu vilivyobaki baada ya siku kumi, na wakati wa mavuno, kwa ridhaa ya mkulima, pima uzito wa maboga na idadi ya mbegu zilizojaa.

Namna ya kuyasoma matokeo ni hii. Kundi lililofunikwa likikosa matunda, umethibitisha kwamba zao linategemea wadudu. Kisha linganisha kundi lililoachwa wazi na lile la mkono. Yakilingana, wachavushaji wa shamba hilo wanatosha. La mkono likizidi kwa wazi, shamba lina upungufu wa uchavushaji, na upungufu huo ukiongezeka kadiri unavyokwenda mbali na ngitili, una hoja ambayo kijiji kitaielewa bila jedwali.

Alizeti pia inafaa, ila ina masharti yake. Kichwa kimoja ni mkusanyiko wa maua mengi yanayofunguka kutoka pembeni kuelekea katikati kwa muda wa siku kadhaa, hivyo mfuko uwekwe kabla ua la kwanza halijafunguka. Maua yakiisha, vichwa vyote, pamoja na vile vilivyoachwa wazi, vivikwe neti, la sivyo ndege watakula mbegu za kundi moja na kuliacha jingine. Uliza pia aina ya mbegu. Mbegu chotara nyingi hujichavusha kwa kiasi kikubwa, na zisilinganishwe na Record, aina ya alizeti isiyo chotara, iliyo shamba la pili. Hesabu mbegu zilizojaa na mapepe kutoka sehemu ile ile ya kila kichwa.

Kila mkulima alipwe thamani ya matunda ambayo jaribio limemnyima, tena kabla ya kuanza.

Vielelezo

Nasa kwa wavu wale tu ambao hamwezi kuwatambua wakiwa hai, na kwa kila aina wachache. Wagandishe usiku mzima, kisha wapigwe pini upande wa kulia wa kifua. Walionaswa kwa bakuli wasafishwe sabuni kwa maji, waoshwe kwa alikoholi na kukaushwa kwa hewa, kwa sababu manyoya yaliyolala huficha alama za utambuzi. Lebo iwe na kijiji, wilaya, nukta za GPS, mwinuko, tarehe, njia ya kunasa, mmea aliokuwa juu yake na jina la aliyemnasa. Mdudu asiye na lebo hana thamani ya kisayansi hata akiwa wa aina adimu. Kwa utambuzi wa spishi wasilianeni na mabingwa wa makusanyo ya wadudu vyuoni, au katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, vyote vikiwa Nairobi. Kumbukeni tu kwamba kuvusha vielelezo mpaka kunahitaji vibali vyake, na huombwa mapema.

Kurekebisha makazi kwa kufuata vipimo

Vipimo vya msimu wa kwanza ndivyo vitakavyowaambia cha kufanya, na mara nyingi kupanda miti hakutakuwa jibu la kwanza. Pale ambapo visiki vina uhai, njia inayotumika sana Dodoma kwa jina la Kisiki Hai ni nafuu zaidi: chagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kila kisiki, pogoa mengine, na uweke alama ili wachungaji wayaone. Mizizi ya kisiki iko chini tayari, kwa hiyo chipukizi huvumilia kiangazi ambacho kingeua mche.

Miche ipandwe kwa ajili ya miezi ambayo kalenda imeonyesha kuwa haina maua, na iwe ya aina zinazokua hapo hapo. Kwa viota, kubalianeni na mwenye ngitili kwamba magogo kadhaa yaliyokauka hayatachukuliwa kuni, akionyeshwa badala yake matawi ya kupogoa, na kwamba kipande cha udongo mgumu kinachopata jua la asubuhi hakitalimwa wala kufunikwa kwa nyasi. Matete yaliyokatwa kwa urefu wa sentimita 20, yenye fundo upande mmoja, yakafungwa kwa mafungu na kutundikwa kwa waya uliopakwa grisi ili kuzuia sisimizi, yatakaliwa na nyuki wapweke na nyigu, nanyi mtaweza kuhesabu mirija iliyozibwa kila mwezi.

Jambo lililobaki liko nje ya ngitili, nalo ni viuatilifu. Ua la pamba hufunguka asubuhi na kujikunja jioni. Mkulima anayenyunyizia dawa jua linapotua hugusa nyuki wachache kuliko anayenyunyizia saa 3:00 asubuhi. Ongeeni na afisa ugani ili ujumbe huu utoke kwake, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki kijijini.

Kurudisha matokeo na kukabidhi kazi

Kabla ya kuondoka, ombeni nafasi katika mkutano wa kijiji na muwaonyeshe watu vitu vinavyoshikika: sanduku la nyuki waliopigwa pini, kalenda ya maua iliyochorwa kwenye karatasi kubwa, na maboga ya makundi yale matatu yaliyopasuliwa mbegu zionekane. Nakala ya taarifa kwa Kiswahili ibaki kwa mtendaji na nyingine kwa mwenye ngitili. Mahali pa viota vya nyuki wasiouma pasiandikwe kwenye taarifa ya wazi bila ridhaa ya wenyewe, kwa kuwa asali yao huuzwa kwa bei kubwa na viota hubomolewa.

Chuoni acheni faili moja lenye data ghafi, ramani ya vigingi, picha za kila ploti zilizopigwa kutoka kigingi kile kile kuelekea upande ule ule, na maelezo ya kila uamuzi mliofanya, kwa mfano kwa nini mstari wa tatu ulihamishwa. Kila mwaka mwanafunzi mmoja wa darasa linalofuata aende nanyi uwandani angalau wiki ya mwisho, atembee mistari yote akiwa na daftari lake, atambulishwe kwa mwenye ngitili kwa jina, na aonyeshwe kila kigingi kilipo, kwa sababu baada ya mvua moja nyasi zitakuwa zimevifunika.